Besi Kavu na Kichwa cha Mama Mkwe

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana mkasa huu umeshafika Muleba, umeshafika Bukoba, na kila unapolala unaamka umenenepa (juzi dereva mmoja wa bodaboda asiyenijua kabisa alinisimulia mimi mwenyewe aibu yangu, akaachia hadi usukani kunionyesha jinsi mama mkwe alivyoanguka kifudifudi mbele ya altare, na mimi nyuma yake naitikia "Eh!", "Kumbe!", kama mtu anayepewa habari za jirani). Uongo. Mama mkwe hakuanguka. Alikaa. Mengine yote ni kweli, na aibu yake ninayo mpaka leo, nikiikumbuka njiani naguna kwa sauti, watu wanageuka wanadhani nimejikwaa.

Mimi ni mtu wa kahawa. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa pale Bukoba, na Jumapili napiga besi kwenye kwaya ya parokia. Sasa besi, kwa msiojua, ni lile gitaa la nyuzi nne nene ambalo hakuna anayelisifia. Watu wanasifia solo, wanasifia kinanda, wanasifia hata mtu wa manyanga, lakini besi wanaigundua siku imekosekana, ndipo wanageuka nyuma na kuuliza mbona wimbo leo umekaa vibaya. Mimi naipenda hivyo hivyo. Sauti yake haiishii masikioni, inaniingia tumboni, na ikishaingia natoka kabisa pale nilipo, naweza kupiga wimbo mzima nimefumba macho naona ziwa limetulia asubuhi na ukungu umelala juu yake, mpaka mwalimu wa kwaya anifinye kunijulisha kwamba wenzangu wamemaliza zamani na wameshakaa. Amenifinya sana, yule mama.

Tatizo ni kwamba besi ya kwaya ni ya umeme na ni mali ya parokia, inafungiwa sakristia, na mimi kila msimu natumwa kwenye vituo vya kununulia kahawa huko Muleba, nakaa wiki baada ya wiki, vidole vinalainika, nikirudi napiga kama mtu aliyetoka kuumwa. Kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa naota kununua besi kavu, ile isiyohitaji umeme wala spika, yenye tumbo lake la mbao, ya bei ninayoiweza, nisafiri nayo na kufanya mazoezi jioni popote nitakapolala. Ilikuwa ndoto tu, na mimi ndoto hazinisumbui, ningeweza kuendelea nayo hata miaka. Aliyeniamsha ni Advera.

Advera ni fundi cherehani pale jirani na soko la Bukoba, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu, na kwao ni Kishanda, wilaya ya Muleba. Sisi wawili tulikuwa tumeshaelewana, lakini kwetu, watu wawili kuelewana si ndoa, lazima wazee waseme. Nikamtuma Projesti, rafiki yangu wa kiwandani aliyezaliwa huko huko Kishanda, awe mshenga, yule ambaye sisi Wahaya tunamwita katerarume, yaani mpiga umande, kwa kuwa ndiye anayetangulia alfajiri kwenye njia yenye majani, analoa yeye ili wanaomfuata wapite pakavu. Projesti akaenda, akaloa, akarudi na jibu la Ta Laurenti, baba yake Advera.

"Mzee anasema wapiga gitaa anawajua, ni watu wa baa," akaniambia. "Nikamwambia huyu ni wa kanisani. Akasema, basi Jumapili padre atakapokuja kigangoni kwetu, naye aje apige, nimsikie mwenyewe. Nikishamsikia nitajibu. Ila, bwana, kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Masikio ya mzee yamepungua."

Nikamuuliza Advera, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Baba ukimsalimia lazima urudie. Na kigangoni hakuna umeme wa kuwashia spika. Tafuta kitu chenye sauti, Respichi, maana asipokusikia atasema hukupiga, na akishasema amesema." Nikabaki nimesimama pale mlangoni kwake nikisikiliza cherehani, nikielewa polepole kwamba mke wangu, nyumba yangu, na watoto wangu ambao hata hawajazaliwa, wote wananing'inia kwenye gitaa ambalo sijalinunua.

Bi Zuhura ana duka la vyombo vya mtumba pale mjini, vitu vinavyotoka Kampala na Mwanza, majokofu, vinanda, mashine za kukimbilia watu wasio na pa kukimbilia. Siku hiyo ukutani zilikuwa zimening'inia besi kavu mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, shingo fupi, tumbo jembamba, ina mkoba wake wa kuvaa mgongoni. Nikaichunguza inavyotakiwa: nikaipiga jicho moja shingoni, imenyooka, nyuzi ziko karibu na mbao, hazichoshi kidole, hakuna ufa pale nyuzi zinaposhikiliwa, vikazio vya nyuzi vinazunguka na havirudi nyuma vyenyewe. Kwa safari na mazoezi ilikuwa ndiyo yenyewe, mtu yeyote mwenye akili angeilipia akaondoka. Nikaipiga, ikalia kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

Ya pili ilikuwa kubwa ("huyu ana mimba ya miezi tisa," alisema Bi Zuhura, si mimi), rangi ya asali iliyokaa, haina mkoba, na kikazio kimoja kilikubali kukaza kwa kubembelezwa tu. Nikaikumbatia, nikagusa ule uzi mnene kuliko yote. Sauti ikaanzia kwenye mbavu zangu, ikashuka miguuni, vikombe vya Bi Zuhura vikajibu kwenye rafu, na huko nje barabara yote ikanyamaza, au labda ni mimi niliyeacha kuisikia. Nikaiona Kishanda nzima na migomba yake imesimama kimya, Ta Laurenti anatikisa kichwa polepole, Advera kavaa nyeupe anakuja, anakuja.

"Mwanangu," akaniita Bi Zuhura. "Umelala?"

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikajibu (tulikuwa tumeshasalimiana).

"Marahaba tena. Wewe si umesema unataka ya kusafiria? Chukua hiyo ndogo. Hilo jingine utalibeba vipi? Halina mkoba, tumbo lote hilo, tundu wazi, kila unapopita watu watataka kujua umeweka nini humo."

"Nataka hili hili."

"Haya. Mwenye kupenda chongo huita kengeza." Tukapatana bei, si mbaya, na kwa huruma akaniongezea mfuniko mweusi wa mpira, mviringo, wa kuzibia tundu, wenye spika huutumia ili gitaa lisikorome. Mimi spika sina, lakini nyongeza haikataliwi. Nikaupenyeza chini ya nyuzi, ukabana mahali pake barabara, nikatoka dukani nikijiona nimefanya akili.

Jioni zote zilizofuata nilikuwa ufukweni baada ya kazi, nimekaa kwenye jiwe, ziwa mbele yangu limekuwa rangi ya majivu na kisiwa kinaonekana nusu nusu, napiga wimbo wa matoleo ambao huanza na besi peke yake, noti chache tu, nzito, kabla kwaya haijaingia. Nilipanga kila kitu kwenye zile noti. Hapo ndipo Ta Laurenti angenisikia, hata kama masikio yake yamejaa pamba, kwa sababu sauti ile haipiti masikioni. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Jumamosi tukasafiri, mimi na Projesti. Kondakta wa basi alitaka besi iende chini na mizigo, nikakataa, nikaipakata kutoka Bukoba mpaka Muleba, na kutoka Muleba kwenda Kishanda kwa bodaboda ilikaa katikati yangu na dereva tumeibana kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tukalala kwa wazazi wa Projesti, kwa kuwa mchumba halali ukweni. Usiku mvua ilinyesha kidogo ikaacha.

Alfajiri tukaoga, nikavaa suti, nikafunga tai, tukashika njia ya kigangoni mapema ili nipate muda wa kukaza nyuzi. Kwenda kule lazima ukatize rweya, yale majani ya wazi yanayotenganisha kijiji na kijiji. Ukungu ulikuwa umelala chini sana, sisi wenyewe tunajiona kuanzia kiunoni kwenda juu, na nikawa naota zangu, nazisikia zile noti, hata sikumwona Projesti aliposimama. Nikamgonga mgongoni.

"Respichi," akanong'ona. "Tazama chini."

Senene. Jamani, senene. Wale panzi wetu wa kuliwa walikuwa wameshuka usiku na sasa baridi na umande vimewalaza, kila jani lina wake, wa kijani, wa kahawia, mmoja mmoja wa zambarau, hawaruki, wamekaa tu wanangoja jua, unawaokota kama maharage. Na kwenye ukungu kote nikaanza kuona migongo ya watu, wazee kwa kina mama, nguo za kanisani zimekunjwa magotini, kila mtu na ndoo au mfuko, hakuna anayesema neno. Mtu wa mahali pengine angepita akaenda zake kusali. Lakini mimi nimezaliwa huku, mkono wangu ulijua kukamata senene kabla haujajua kuandika, na ulikuwa umeshaanza kazi peke yake.

"Tunawaweka wapi?" nikauliza, viganja vimejaa.

Projesti akaitazama besi. Akaitazama tena. "Hilo tumbo ndani lina nini?"

"Halina kitu. Hapana. Projesti, hapana!"

"Bwana, unakwenda ukweni. Mkono mtupu haulambwi. Ta Laurenti kwa senene ni mgonjwa, mwaka huu hajawaonja. Mkwe anayetokea na senene wa kwanza wa msimu! Tunawaweka humo kwa muda tu, unakwenda nayo kigangoni, mimi nakimbia nyumbani kuchukua ndoo, kabla Misa haijaanza tumeshawahamisha. Wamelala hawa, huoni?"

Ningesema hapana mara ya tatu, nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini nikaiona ile picha, Ta Laurenti anapokea ndoo imejaa, anacheka, na mimi picha zikishanijia huwa nimekwisha. Nikatoa mfuniko. Tukaokota tukipenyeza katikati ya nyuzi, tukaokota, magoti yakaloa, tai ikaloa, mpaka nilipoitikisa besi ikajibu kwa uzito. Nikarudisha mfuniko, ukabana. (Jinsi ya kuwatoa senene kwenye gitaa hatukuifikiria hata kidogo. Jaribuni kufikiria sasa hivi, mtaona.)

Nilipofika kigangoni padre alikuwa ameshafika, kabla ya saa yake, jambo ambalo halijawahi kutokea na naamini halitatokea tena. Katekista akanishika mkono akanipeleka moja kwa moja mpaka mahali pa kwaya, pembeni ya altare, dirisha la mashariki nyuma yangu. Projesti hayupo. Nikatazama mlango, Projesti hayupo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alichukua ndoo, akapita nayo rweya, akaona si vizuri kuja na ndoo tupu. Mpiga umande alikuwa bado anapiga umande.

Halafu nikaona nimekaa karibu na nani. Benchi la mbele la kina mama, mwisho kabisa upande wangu, umbali wa mkono tu, alikaa Ma Justa, mama yake Advera, amenyooka, kitambaa cheupe kichwani kimefungwa vizuri. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai benchi moja, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Nikamwomba katekista nihamie upande wa pili. "Hapo hapo," akasema, "ngoma ziko huko." Nikageuza bega, nikakaa nusu mgongo, na yeye naye akageuza uso kuelekea ukutani, tukawa tumeheshimiana hivyo.

Misa ikaanza. Wimbo wa kuingia besi ilitoa sauti ya mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu, na ndani yake, kila nikigusa uzi, kulikuwa na shwaaa ndogo, laini, kama mvua iliyo mbali. Nasema ukweli ilikuwa nzuri. Kwaya iliipenda, wakawa wananitazama kwa heshima, na mimi nikasahau ni nini kile, nikafumba macho, nikawa tena kwenye jiwe langu ufukweni na mvua inakuja juu ya maji. Mahubiri yalipita hivyo. Jua likapanda, likaingia dirishani, likakaa joto juu ya tumbo la besi, nami nikalifurahia.

Kabla ya matoleo Advera, aliyetangulia kuja kwao na siku hiyo akiimba na kwaya ya kigango, akaniinamia kutoka safu ya nyuma. "Baba hakusikii. Mtazame."

Nikamtazama. Ta Laurenti, benchi la tatu la wanaume, kiganja nyuma ya sikio, uso umekunjamana, anatikisa kichwa kwa ndugu yake kuonyesha: hakuna kitu.

"Toa huo mfuniko," akasema Advera.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kuna mzigo."

"Mzigo gani ndani ya gitaa? Respichi, bojo, huu wimbo ndio wako. Toa."

Ile bojo yake ilinimaliza, ni neno la kubembeleza, na Advera habembelezi ovyo. Nikajiambia wale wamelala tangu alfajiri, watalala na huu wimbo mmoja. Nikaunasua mfuniko. Akatoka senene mmoja, mkubwa, akapanda kwenye uzi mnene, akasimama pale akichezesha vipapasio vyake, akinitazama, na katekista akanipa ishara, na kanisa zima likanyamaza likisubiri besi.

Nikapiga. Ilikuwa noti nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani mwangu, ilitoka nzito na mviringo, mabenchi yakaisikia, na tumbo lote la besi likatetemeka, na senene wote, waliokwisha kupata joto na sasa wametikiswa, wakatoka.

Hawakutoka kwa vurugu, hilo ndilo ambalo wasimulizi hawalisemi. Walipanda kwenye mwanga wa dirisha wakiwa wengi kama moshi, kijani, mabawa yanawaka jua, wakaenea polepole juu ya vichwa vya watu wanaosali, na hata mimi, ninayejua nimekwisha, niliona ni kitu kizuri. Watu walijitahidi. Ni Wakatoliki wazuri, wakakaza macho kwenye altare. Lakini ni Wahaya. Nikaona mkono mmoja unapanda taratibu, pole pole, halafu pa! Halafu wa pili. Halafu kofia ya mzee mmoja ikapita hewani. Halafu kigango kizima kikasimama.

Na mmoja, sijui kwa nini kanisani mle mote hakuona pengine, akatua juu ya kitambaa cheupe cha Ma Justa.

Sikufikiri. Naapa mbele yenu sikufikiri, kama ningefikiri ningekuwa nimekaa. Nilikuwa naona senene ametulia mahali peupe, karibu, na mkono wa kulia ukatoka wenyewe ukaenda ukamkamata, na ndipo nilipohisi chini ya kiganja changu kitambaa, na chini ya kitambaa kichwa cha mama mkwe.

"Mawe!" akasema Ma Justa, yaani mama yangu kwa Kihaya, akakaa.

Waliokuwa karibu wakaacha kukamata. Walioona wakawaambia wasioona, na kimya kikatembea benchi kwa benchi mpaka mlangoni, nacho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Mimi nimesimama, ngumi imefumbwa, senene anatekenya ndani yake. Advera ameziba uso kwa kitabu cha nyimbo. Padre (naye ni mtoto wa Kihaya, tusidanganyane) akakohoa, akasema kwa upole sana, "Ndugu zangu, tuko kwenye matoleo. Wote waliokamatwa ni wa Bwana. Waleteni kapuni." Watu wakapanga mstari wakaenda kutoa senene, wengine na nyuso za majonzi makubwa, na nilipiga besi kwa mkono mmoja wa kushoto, yaani sikupiga, mpaka Misa ikaisha, kwa sababu ngumi ile sikuthubutu kuifumbua mbele ya watu wala kuipeleka kapuni.

Baada ya Misa sikutaka kwenda kwa Ta Laurenti, nilitaka Muleba, basi, Bukoba, kitanda. Lakini kutoroka kungekuwa jibu, na jibu halikuwa langu kulitoa. Projesti akatokea na ndoo imejaa mpaka juu, anatabasamu, akaniuliza nimepiga vipi. Nikashika njia ya kwa Ta Laurenti, ngumi bado nimeifumba.

Nyumba ilikuwa imetandazwa majani mapya sakafuni, wazee wamekaa, na kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hupewa kabla hata hajakaa vizuri, haikuletwa. Nikaona hiyo ndiyo hukumu. Ta Laurenti aliongea kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, nyumba ya pili walimpata.

"Kijana, nilikuita nikusikie. Sikukusikia. Nilichoona ni wadudu wanatoka kwenye gitaa, na mkono wako juu ya kichwa cha mke wangu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, waitu," nikasema, kwa neno letu la heshima, na kwa nguvu ili nisirudie.

"Mkononi una nini?"

Nikafumbua. Senene alikuwa hai bado, akatembea mpaka kwenye ncha ya kidole. Mzee mmoja akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Ta Laurenti hakucheka.

"Tumezungumza na ndugu zangu. Utaleta mbuzi jike, na utaleta kitambaa kipya cha kichwa, cheupe. Hiyo ndiyo faini."

"Nitaleta, waitu. Nawaomba radhi sana." Nikainuka, nikachukua besi yangu. Moyo ulikuwa umenifia. Nilikuwa nafikiria tu jinsi nitakavyopita mlangoni na tumbo lile bila kugonga kitu kingine.

"Unakwenda wapi?"

"Bukoba, waitu."

Ta Laurenti akamgeukia Projesti. "Huyu mtu wako ni mzima?"

"Anaota ota kidogo, waitu, lakini ni mzima."

"Basi mwambie. Mbuzi wa kugusa kichwa cha mama hutozwa mkwe. Mtu baki akimshika mke wangu kichwa mbele ya altare, tunamtoza mbuzi? Huyo tunamchapa."

Mimi bado nimesimama na besi yangu, sijaelewa. Jikoni walielewa kabla yangu. Vigelegele vilipasuka huko nyuma, sauti ya pili nikaitambua ni ya nani, na kahawa ikaingia kwenye kikapu chake kidogo, na mikono ya wazee ikaanza kunipigapiga mgongoni, ndipo nami nikaelewa, nikakaa kwenye majani.

"Sasa piga," akasema Ta Laurenti. "Bado sijakusikia."

Tukatoka uani, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akaweka kiganja chake kigumu cha mkulima juu ya tumbo la besi. Nikapiga zile noti. Nikazirudia. Mchana ulikuwa umetulia, migomba haitikisiki, na yeye alikuwa amefumba macho kama ninavyofumba mimi, na uso wake ukaanza kulegea kidogo kidogo. "Naisikia," akasema, si kwa sauti kubwa, kana kwamba hata yeye hakuwa na haja ya kujisikia. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

Mbuzi nilipeleka, kitambaa nilipeleka, ndoa tulifunga. Besi nasafiri nayo mpaka leo, Muleba hadi vituo vya mbali, na ndiyo kwanza nakiri kwamba ile ndogo ya Bi Zuhura ingenipumzisha mgongo. Lakini msimu wa senene ukifika naiacha nyumbani kitandani, imefunikwa blanketi, hata aje askofu. Na nikilazimika kwenda kusali Kishanda miezi hiyo, natafuta benchi la mwisho kabisa, nakaa, na mkono wa kulia naukalia.